Udongo Ulioshika Maji

Mama yangu alikuwa mtu wa mwisho kuchota maji. Foleni iwe ndefu iwe fupi, yeye alikaa mkiani, na akitokea mtu kwa mbali na ndoo yake, mama alimsubiri afike apite mbele. Nimekua nikiliona jambo hili na limenikera maisha yangu yote. Watu wa kijijini kwetu, Daudi, walidhani ni unyenyekevu. Mchungaji mmoja aliwahi kumtaja mama katika mahubiri kama mfano wa mwanamke asiyejitanguliza, waumini wakageuza shingo kumtazama. Nilitoka nje kabla hajamaliza, maana ningebaki ningesema maneno ambayo hayasemwi kanisani.

Unyenyekevu haukuhusika hata kidogo. Jambo lenyewe lilianzia mbali na Daudi, kule tambarare chini ya mlima Hanang, enzi za mashamba ya ngano ya serikali, nami nilikuwepo.

Kwetu ni Daudi, kwenye vilima vya Mbulu, ambako nilipokuwa mtoto maji hayakuchimbwa. Yalitoka yenyewe ubavuni mwa kilima, na kazi ya binadamu ilikuwa kutoyaharibu. Kila jicho la maji lilikuwa na kichaka chake, na katika kichaka kile hakuna aliyethubutu kuokota hata ukuni mkavu. Ng'ombe walinyweshewa bondeni, mbali na jicho. Tulichota kwa kibuyu tukajaza debe pembeni, kwa sababu wazee hawakutaka chuma kiguse maji yanapozaliwa. Watoto tuliambiwa tusipige kelele pale, tukawa tunanong'ona bila kujua kwa nini.

Jicho likidhoofika, aliitwa baba. Baba alikuwa na mkono wa kazi hiyo. Hapo ndipo chuma kiliruhusiwa, mikononi mwake tu. Aliondoa matope na mizizi, akapapasa mpaka akapata mahali ambapo udongo umejifunga, kisha akachoma kwa mtaimbo. Maji yaliruka, yakamlowesha kifua, na watu wakacheka kwa furaha. Mlimani maji yako nyuma ya udongo, na ukiutoboa yanakujia. Hilo baba alilijua tangu utotoni. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuna mahali ambapo maji yamekaa juu ya udongo.

Shamba la babu liligawanywa kwa wanawe mpaka likawa vipande vya kupanda mahindi ya kuchoma. Kule Hanang vibarua walitakiwa kwenye ngano. Baba akakubaliana na majirani kadhaa, tukashuka na ng'ombe wetu wachache, tukajenga vibanda nje ya mpaka wa shamba, kando ya kisima.

Kisima hicho tulikikuta. Kilikuwa cha Wabarbaig, wafugaji waliokuwa wakilisha bonde lile kabla halijalimwa. Walikichimba wao, wakakizungushia miiba, wakajenga hori refu la udongo la kunyweshea. Ngano ilipokuja waliambiwa wahame, na sisi tulipofika tulikuta hori likiwa tupu na njia za ng'ombe zikiwa bado zimechimbika ardhini, zote zikielekea pale. Tulisema ni bahati yetu. Watu walikuwa wamefukuzwa, na waliokuwa wanajua tabia ya kisima kile walikuwa ndio hao hao waliofukuzwa, nasi tukasema bahati.

Juu ya kisima ulisimama mkuyu mkubwa. Kiangazi nchi yote ilipokuwa rangi ya majivu, mkuyu ule ulikuwa kijani, umejaa ndege wa kila kabila, na nyuki walikuwa na mzinga kwenye shimo la shina. Vyura waliimba ndani ya kisima hata mchana. Mama alipenda vyura wale. Alisema wakiwapo hana wasiwasi.

Mwanzoni maji yalikuwa karibu, kamba fupi ilitosha. Kisha kila kiangazi kamba ilirefushwa. Mvua haikuwa imepungua kiasi hicho. Nasisitiza hilo kwa sababu watu hupenda kuilaumu mbingu, nadhani kwa kuwa mbingu haijibu. Zamani mvua ile ilianguka kwenye nyasi na migunga, ikazama polepole. Sasa ilianguka kwenye ardhi iliyolimwa mpaka macho yanapokomea, haina hata kichaka cha kuizuia, ikakimbia juu juu, ikakata makorongo mapya na kuondoka na udongo. Ukichimba kwa kidole baada ya mvua kubwa, chini ulikuta vumbi. Kambini kwa wafanyakazi wa shamba la ngano nako kulikuwa na kisima kirefu cha mashine, na mashine ile ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni. Kama ilikuwa inavuta na ya kwetu, sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba tulisimama juu ya maji yanayopungua na kila mtu akaendelea na kazi yake, pamoja na sisi.

Kiangazi kilichotuvunja, mama alikuwa mjamzito. Alivuta debe kwa kamba ile ndefu mpaka siku za mwisho. Mtoto alizaliwa bila pumzi. Alikuwa msichana, ana nywele nyingi, nilimwona kabla hawajamfunika.

Sisi Wairaqw tulikuwa na mwiko unaoitwa metimani. Mtoto akizaliwa mfu, nyumba yake hujitenga. Hamsalimiani na watu kwa mkono, ng'ombe wenu hawachangamani na wa wengine, na zaidi ya yote hamchoti maji mahali wanapochota wengine, msije mkayatia mkosi. Hukaa hivyo mpaka mama azae tena na wazee waseme imekwisha. Mlimani jambo hili lilivumilika, macho ya maji yalikuwa mengi. Kule tambarare kulikuwa na kisima kimoja.

Wanawake wa vibanda vile walikuja kutoa pole. Walisimama nje ya ua wakalia naye kwa mbali, na kilio chao kilikuwa cha kweli. Kisha mkubwa wao, mama mnene mwenye sauti ya upole, akasema, "Pole sana, mama. Mungu akutie nguvu. Ila unajua ilivyo."

"Najua," mama akajibu.

"Si sisi. Ni ilivyo."

"Najua, dada."

Wote walikuwa Wakristo. Jumapili iliyofuata katekista, mtu wa mkoa mwingine, alisema kwa ukali kwamba hayo ni mambo ya giza. Wakamwitikia amina. Jumatatu mke wake mwenyewe alimwona mama njiani akazunguka nyuma ya nyumba.

Hivyo baba akaamua kuchimba kisima chetu wenyewe. Hakuna aliyemlazimisha; ilikuwa adabu. Hatukutaka kuwatia mkosi majirani, wakati ambapo maji ya wote yalikuwa hayazidi kimo cha debe. Akachagua mahali upande wa juu, ng'ambo ya mkuyu, hatua chache tu kutoka kisima kikubwa, kwa kuwa palikuwa na majani mabichi. Alichimba kwa sururu na beleshi. Mama, ambaye mwili wake ulikuwa bado unavuja, alikaa ukingoni ameshika kamba ya debe, akivuta matope juu. Mimi niliyachukua kuyamwaga kwenye uzio wa miiba.

Ilikuja michanga mikavu, kisha michanga yenye unyevu, kisha maji. Nilisikia baba akicheka kule chini, na mama naye akatabasamu, mara yake ya kwanza tangu msiba. Lakini maji yalikuwa ya kulamba tu, yamekaa juu ya udongo wa kijivu, mgumu, unaoteleza. Kibuyu kikijaa, unangoja sana kupata kingine.

"Jicho limejifunga," baba akasema kutoka chini. "Nipeni mtaimbo."

Mama akaushusha kwa kamba. Tulisikia mapigo yake, mazito, moja baada ya jingine. Mabonge ya kijivu yakapanda kwenye debe, nikayabeba hadi kwenye uzio. Niliporudi mapigo yalikuwa yamekoma. Mama alikuwa ameinama sana ukingoni, ametega sikio, na uso wake ulikuwa umebadilika. Chini kulikuwa na purukushani, baba anahema, anapiga matope kwa viganja. Ilichukua muda mrefu. Kisha akapanda.

Alikuwa ameingia na shati lake la kaki. Alitoka kifua wazi, ametapakaa kijivu mpaka kwenye kope.

"Hapa hakuna kitu," akasema. "Tufukie."

Mama alimtazama. Akachukua jembe akaanza kurudisha udongo shimoni, na mimi nikamsaidia.

Siku hiyo hiyo jioni vyura hawakuimba. Kesho yake debe la kwanza la wanawake lilikuja nusu, na siku zilizofuata likaja na tope, halafu likagonga chini kikavu. Nakumbuka ule mlio. Debe tupu likigonga ardhi tupu, na wanawake wote ukingoni wakiinama kuchungulia. Mmoja akalishusha tena, kana kwamba lilikosea njia. Likagonga tena.

Watoto wadogo walianza kulia kiu kabla ya mchana. Ng'ombe walisimama kwenye hori wakilamba udongo. Wanaume walikwenda kuomba kambini, wakapewa kidogo, wakaambiwa wasizoee. Na kabla jua halijazama, kila kibanda kilikuwa na maelezo: ni metimani ya nyumba ile. Amechota kwa siri. Kama hakuchota, kivuli chake kimepita juu ya maji. Kama hakikupita, basi wamechimba karibu mno. Hili la mwisho lilikuwa kweli, ila walilielewa kinyume.

Mama alisikia yote akiwa nyuma ya ua wetu. Tangu siku hiyo alichohofia kilikuwa kimoja, nami nilikijua kwa sababu alikuwa akikisema peke yake akisonga ugali: kwamba hata metimani ikiisha, watu hawatamruhusu tena kushika kamba moja nao. Kwamba binti zake wataitwa watoto wa aliyekausha maji.

Ndipo akaja mwanamke wa Kibarbaig. Alikuja adhuhuri na punda wake, amevaa ngozi, na bila shaka alikuwa akija pale siku zote kwa kujificha, kuchota katika kisima cha baba zake. Alikijua Kiiraqw cha mnadani. Alipoona watu wamekusanyika alisita, kisha akachungulia kisimani, akashuka mwenyewe kwa kukanyaga vishimo vya ukutani ambavyo sisi hatukuwahi kuvitumia. Alipopanda alikuwa amekasirika.

Alizunguka mkuyu. Akaliona shimo letu lililofukiwa. Akaenda kwenye uzio, palepale nilipomwaga matope, akaokota bonge la kijivu na kulivunja mkononi.

"Hii ndiyo sakafu," akasema. "Maji yalikuwa yamekaa juu yake, ya huku na ya kule, ni maji mamoja. Chini yake ni kokoto, haishiki kitu. Watu wetu hawachimbi kupita hapa, hata kiu iwe kali namna gani. Nani ametoboa?"

Watu wote walimgeukia baba. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa maji, alikuwa ameheshimiwa kwa ajili hiyo tangu Daudi.

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama mbali, mahali pake pa aliyetengwa, mikono ameikunja tumboni.

"Sikufika huko," baba akasema. "Hayo ni matope ya juu."

Kisha jirani mmoja akasema kwa sauti, "Huyu anakitaka kisima chake, anatafuta njia ya kututoa." Mwingine akaokota jiwe. Yule mwanamke alilitupa lile bonge miguuni mwa baba, akawageuza punda wake na kwenda zake na madumu matupu. Hata leo nikikumbuka mgongo wake ukipotea kwenye yale mabua ya ngano, nasikia hasira inanipanda kama ilivyonipanda siku ile.

Nyumbani nikamuuliza mama, "Shati la kaki la baba liko wapi?"

"Nyamaza. Kaoshe vyombo."

"Kwa maji gani?"

Alinipiga kofi. Mama hakuwa mtu wa kupiga. Kisha akanivuta akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikakosa pumzi, na sikuuliza tena.

Haikuchukua muda vibanda vile vikawa tupu. Wengine walirudi mlimani, wengine walikwenda kutafuta maisha Dongobesh. Ng'ombe wetu walikufa njiani wote isipokuwa mtamba mmoja. Tulirudi Daudi kwa baba mdogo, tukakaa pembeni mwa shamba lake kama wageni wasioalikwa, na habari ilikuwa imefika kabla yetu. Pale kwenye jicho la maji la utoto wangu, mke wa baba mdogo alimmiminia mama maji kutoka juu, kibuyu chake kisiguse debe letu. Alifanya hivyo huku akimwuliza habari za safari.

Baadaye mama alizaa mvulana, mzima, mwenye kelele. Wazee wakasema metimani imekwisha, wakafanya yaliyofanywa. Wanawake wakamwambia chota. Akasema, "Tangulieni." Wakatangulia. Ndivyo ilivyoanza, na ndivyo ilivyobaki.

Nilipokuwa mtu mzima nilipita kule Hanang. Niliutafuta mkuyu nikakuta kisiki. Mizizi yake ilikuwa imefuata maji chini mpaka ikashindwa. Hapakuwa na nyuki wala ndege, na hori la udongo lilikuwa limesagwa na mvua. Nilisimama pale nikawaza kwamba mti, nyuki, vyura, ng'ombe, punda wa yule mwanamke, na sisi, wote tulikuwa tumeshikiliwa na sakafu moja ya udongo ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona, na kwamba tundu lisilozidi unene wa mkono lilitosha. Maji ya juu ukiyaharibu unayaona, unaweza kujuta mapema. Ya chini unayajua yakishakwenda. Nililia pale kwa sauti, na sikuona haya.

Baba na mama walizeeka Daudi. Mvulana yule mwenye kelele alipata kazi akawavutia bomba mpaka uani. Siku lilipofunguliwa nilikuwepo. Mama alitoka na ndoo yake, akaiweka chini ya koki, akashika koki. Kisha akaiachia. Akainuka, akatazama njia upande huu na upande ule, kama kuna anayekuja.

Bomba lilikuwa lake, uani kwake. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akaliona hilo, na nadhani ndilo lililomshinda.

"Mama watoto," akasema, "chota. Si wewe uliyeyapoteza. Mimi ndiye niliyetoboa."

Nilidhani mama atapiga yowe. Hakugeuka hata uso.

"Nilikuwa nimeshika kamba," akasema. "Niliyasikia yakishuka. Nilikusikia unayazibia kwa shati."

"Mbona hukusema?"

"Mimi nilikuwa nimeshatengwa. Wewe walikuwa bado. Nikaona mmoja anatosha."

Baba akafunika uso kwa viganja. Nami, badala ya kumwonea huruma, nikawaka. Nikamwambia, "Baba, usituambie sisi. Waambie wao." Maana wengine walikuwa wamekufa au wametawanyika, lakini yule mama mnene mwenye sauti ya upole alikuwa hai, anaishi nyumba ya pili kutoka kwetu, na hakuwahi hata siku moja kunywa chai katika kikombe cha mama.

Kama aliyeitwa, mjukuu wake akaingia uani na ndoo, binti wa shule mwenye sare.

"Shikamoo bibi. Shikamoo babu. Bibi amesema amesikia mmevuta bomba, anaomba maji."

"Marahaba, mjukuu wangu," mama akasema, akaondoa ndoo yake chini ya koki. "Tangulia wewe."

Nikamtazama baba. Mama naye, kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama, akangoja. Maji yakawa yanaingia kwenye ndoo ya yule binti, ndoo ikajaa, akafunga koki, akainama kujitwika.

"Binti," baba akasema, akainuka kwenye kigoda. Binti akasimama. Baba akafungua mdomo, akamtazama, akatazama ile ndoo iliyojaa.

"Msalimie bibi yako," akasema, akaketi.